Uzi: Safari ya kwanza ya familia kwenye bustani ya burudani nje ya nchi kwa bajeti ndogo, tuanzie wapi?

Mleta mada

Salaam wanajukwaa, na shikamooni wakubwa mliomo humu.

Mimi na mume wangu tumeweka akiba kidogo kidogo kwa miaka 2 kwa lengo moja tu, nalo ni kuwapeleka watoto wetu nje ya nchi wakaione bustani kubwa ya burudani, zile zenye rolakosta, maandamano ya wahusika wa katuni na fataki za usiku. Watoto ni watatu: mkubwa ana miaka 11, wa kati 7, na kitinda mimba 3. Tutaongozana pia na mama mkwe wangu, mwenye miaka 66, ambaye afya yake ni njema lakini magoti yake si ya kutembea kutwa. Kwa hiyo tuko watu 6, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusafiri nje kwa ajili ya mapumziko.

Taarifa ninazo nyingi, ila haziafikiani. Mmoja ameniambia nivizie tiketi ya ndege ya bei nafuu na mengine yatajipanga yenyewe. Mwingine amesema kama si Florida, kule Marekani, ni bora tubaki nyumbani. Wa tatu amenitumia orodha ya mambo 40 ya kubana, tangu maji ya kunywa mpaka makoti ya mvua, na nilipomaliza kuisoma nilijiuliza kama hao watoto watafurahi au watahesabiwa kila tonge.

Ninaomba wenye kipato cha kawaida ambao wameshafanya safari ya namna hii wanieleze kwa utulivu: mlianzia wapi, mlibana wapi, na ni wapi mlibana halafu mkajuta?

Mchangiaji wa kwanza

Dada, hongera kwa akiba hiyo. Nimewapeleka wanangu mara 2 pamoja na mama yao, na mara ya kwanza tulikwenda tukiwa hatujui lolote, kama ulivyo wewe sasa. Nitaanza na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo lililobeba mengine yote: tulijuta kubana kwenye umbali.

Tulipata malazi yaliyokuwa chini ya nusu ya bei ya yale yaliyo karibu na bustani, tukajipongeza, tukalipia usiku 5. Tofauti ilikuwa mwendo wa zaidi ya saa nzima, treni kisha basi. Siku ya kwanza tulitoka alfajiri na bado tulifika geti likiwa limefunguliwa muda mrefu, wakati foleni za michezo mikubwa zimekwisha kujaa. Usiku watoto walitaka kuona fataki, na kwa kuwa ilikuwa majira ya joto ambapo jua linachelewa kuzama, fataki zenyewe zilianza usiku mkubwa. Zilipokwisha, umati wote uligeuka kwa pamoja kuelekea stesheni. Hadi leo naiona picha ile: mdogo wetu amelala begani kwangu, kiatu kimoja kimemdondoka, mama yake ameinama anakitafuta kwa tochi ya simu katikati ya miguu ya watu, na yule mkubwa amekaa chini kwenye lami akisema hawezi tena kuinuka. Tulipofika mwisho wa treni, basi la mwisho lilikuwa limeondoka. Teksi ya usiku ule ilimeza karibu yote tuliyodhani tumeokoa, na kesho yake watoto waliamka saa 4 asubuhi, siku ambayo tiketi zake zilikuwa zimelipiwa tayari.

Tangu hapo hesabu yangu ni tofauti. Tiketi ya siku moja hununua saa 10 au 12 za kuwa ndani, na familia inayolala mbali huzitumia saa 6, tena ikiwa imechoka. Safari ya pili tulikwenda siku 2 tu badala ya 4, tukalala mahali ambapo tungeweza kurudi kwa miguu. Adhuhuri tulirudi chumbani, watoto wakalala kwa muda wa saa 2, tukaingia tena jioni wakati wenye watoto wadogo wanatoka na foleni zinapungua. Jumla ya gharama ilikuwa ndogo kuliko ya safari ya kwanza, na wanangu wanaizungumzia hiyo ya pili. Kwa hiyo ushauri wangu, ukichukua mmoja tu, uwe huu: punguza siku, usipunguze ukaribu.

Sasa nikurudishe mwanzo. Wengi huanza na ndege. Mimi nakushauri uanze na umri wa watoto, kwa sababu bustani hizi hazikubaliani juu ya nani ni mtoto. Walt Disney World ya Florida humtoza bei ya mtoto mwenye miaka 3 hadi 9, na akitimiza 10 hulipa kama mtu mzima, hivyo mkubwa wako pale ni mtu mzima. Disneyland Paris na Hong Kong Disneyland humhesabu mtoto mpaka miaka 11. Tokyo Disneyland humwingiza bure aliye na miaka 3 au chini yake na huanza kutoza akiwa na 4, na ndivyo zilivyo pia Efteling ya Uholanzi na Europa-Park ya Ujerumani. Kitinda mimba wako yuko ukingoni kabisa, na safari ikifanyika wiki moja kabla ya siku yake ya kuzaliwa au wiki moja baadaye, mahali kama hapo, tofauti ni tiketi nzima. Usimsahau bibi: Europa-Park na Hong Kong Disneyland zina tiketi ya bei nafuu kwa waliotimiza miaka 60.

Ukitoka kwenye umri, nenda kwenye kimo. Mwanangu wa pili, akiwa na miaka 7, aliuota mchezo mmoja kwa miezi. Tulipanga foleni dakika 70. Mbele kabisa mhudumu akamsimamisha kwenye kipimo, naye akavuta pumzi, akanyoosha shingo, visigino vikainuka kidogo ndani ya viatu, hadi mhudumu akamgusa bega kwa upole ili ashuke. Alikuwa amepungua sentimita 2. Hakulia pale pale. Alilia baadaye, alipodhani hatumwoni. Kosa lilikuwa langu, kwa maana vipimo vyote vimeandikwa kwenye tovuti za bustani na sikuvisoma. Kwa mfano, pale Disneyland Paris, Big Thunder Mountain inataka sentimita 102 na Hyperspace Mountain inataka 120. Wapime watoto nyumbani, andika, kisha pitia orodha ya michezo na kila mtoto na umwambie ukweli mapema. Mtoto anayejua kwamba mchezo fulani ni wa mwaka mwingine hupanga furaha yake kwenye mingine.

Kuhusu Florida, sitaki kumvunja moyo aliyekushauri. Ni mahali pakubwa kweli. Walt Disney World, iliyofunguliwa 1971, ina bustani kuu 4 na eneo lake lote linazidi kilomita za mraba 100, mbali na bustani za kampuni nyingine zilizoko Orlando huko huko. Ukubwa huo ndio unaonipa shaka kwa safari ya kwanza ya bajeti ndogo: siku 2 hazitoshi kitu, usafiri wa ndani ni jambo la kila siku, na kila siku ya ziada inazidishwa kwa 6. Ningekushauri utazame mahali ambapo treni inakushusha mlangoni. Disneyland Paris, iliyofunguliwa 1992, iko mwisho wa reli ya RER A, stesheni ya Marne-la-Vallée Chessy, kama dakika 40 kutoka katikati ya jiji, na kutoka stesheni hadi getini ni dakika chache za kutembea. Tokyo Disneyland ina stesheni ya Maihama, kama dakika 15 kutoka stesheni kuu ya Tokyo. Hong Kong Disneyland ina reli yake fupi inayoanzia Sunny Bay.

Nalisisitiza jambo la treni kwa sababu ninyi ni 6, na namba hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana. Teksi ya kawaida haiwabebi wote. Chumba cha kawaida cha hoteli mara nyingi kina ukomo wa watu 4, hivyo mtalipia vyumba 2, au mtatafuta fleti yenye jiko. Ukichagua Paris, stesheni inayotangulia ile ya mwisho inaitwa Val d'Europe, ina fleti nyingi na duka kubwa la vyakula, na kutoka hapo hadi Chessy ni dakika chache za treni. Huo ndio ukaribu ninaousema. Si lazima iwe hoteli ya ndani ya bustani, ambayo bei yake mara nyingi hutisha, bali iwe mahali ambapo mtoto aliyelala begani anaweza kufikishwa kitandani kabla mkono wako haujafa ganzi.

Mchangiaji wa pili

Nimekusoma kaka, na nakubaliana nawe kuhusu ukaribu. Naomba nitofautiane kidogo juu ya wapi pa kwenda, kwa sababu mmezungumza kana kwamba jina la Disney peke yake ndilo lenye bustani duniani.

Mimi nilisafiri na wanangu 2 bila baba yao. Nilichagua Efteling, bustani iliyofunguliwa 1952 katika mji mdogo wa Kaatsheuvel, ambayo chimbuko lake ni msitu wa hadithi za kale. Unatembea chini ya miti mikubwa, unakuta nyumba ya mchawi, jitu lenye shingo ndefu na sanduku la takataka linaloomba ulishwe karatasi. Mwanangu wa miaka 4 alirudi kwenye lile sanduku mara 9, nilihesabu, akiokota karatasi njiani ili apate sababu ya kurudi. Halikuhitaji foleni wala kimo. Bustani ile ina rolakosta za wakubwa pia, kwa hiyo huyo wa miaka 11 hatakosa chake. Tena huruhusu wageni kuingia na chakula chao. Upungufu wake ni kwamba treni haifiki. Unashuka Tilburg au 's-Hertogenbosch na kupanda basi.

Kwa bibi mwenye magoti mabovu ningependekeza mtazame pia bustani ya Tivoli ya Copenhagen, Denmark, iliyofunguliwa 1843, ambayo iko katikati ya jiji, ng'ambo tu ya stesheni kuu ya reli. Faida yake kwa bajeti ni mfumo wa malipo: kiingilio ni kimoja na michezo hulipiwa kando. Bibi analipa kiingilio tu, anakaa kwenye maua na muziki, na wewe hulipii rolakosta ambazo hatapanda. Katika bustani nyingi nyingine kila anayeingia hulipia yote, hata kama atakaa kwenye benchi akilinda mabegi. Angalieni tu kalenda, kwani Tivoli haiko wazi mwaka mzima.

Nyongeza moja kwa mzazi yeyote atakayesafiri na watoto bila mwenzake: beba vyeti vya kuzaliwa na barua ya idhini ya mzazi mwingine iliyothibitishwa na mwanasheria. Niliombwa barua hiyo mara 2, wakati wa maombi ya viza na tena mpakani, na nyuma yangu alikuwepo mama mwingine ambaye hakuwa nayo. Watoto wake walikaa kwenye sakafu wakimtazama akipiga simu. Dada, hata kama mnasafiri wote, bibi akitangulia na mjukuu mmoja kwa ndege nyingine, karatasi hiyo itahitajika.

Mleta mada

Asanteni sana, kaka na dada. Nimesoma majibu yenu mara 3, na mume wangu ameyasoma pia. Suala la kimo halikuwa limetujia kabisa.

Tumeshakubaliana kwamba tutapunguza siku. Yamebaki mambo yanayoninyima usingizi: viza za watu 6, foleni, ambazo naambiwa zina njia za kulipia ili upite mbele, na chakula, maana kulisha watu 6 mara 3 kwa siku kwa bei za ndani ya bustani kunaweza kumaliza kila kitu. Pia ni wakati gani wa mwaka ambao bei hupungua bila watoto kufika wakakuta nusu ya michezo imefungwa?

Mchangiaji wa kwanza

Dada, nianze na viza, kwa kuwa hapo ndipo bajeti nyingi hupasuka kabla hata begi halijafungwa.

Kama pasipoti zenu zinahitaji viza ya Schengen, ambayo ndiyo mngetumia kwa Ufaransa, Uholanzi, Denmark au Ujerumani, ada yake tangu Juni 2024 ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na aliye chini ya miaka 6 halipi. Kwenu ni watu wazima 3 na watoto 2 wanaolipa, yaani euro 360, kabla ya ada ya huduma ya kituo kinachopokea maombi. Viza ya utalii ya Marekani ina ada ya dola 185 ya maombi kwa kila mtu, na kichanga hulipa sawa na babu yake, hivyo kwa watu 6 ni dola 1,110 kwa hiyo ada peke yake. Pesa hizi hazirudishwi ukikataliwa. Ziweke kwenye bajeti kama pesa iliyokwisha kuondoka.

Maombi ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na hayapaswi kuchelewa chini ya siku 15. Msisubiri hizo siku 15. Bima ya safari ni sharti, na inapaswa kugharamia matibabu yasiyopungua euro 30,000 kwa kila mtu. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki na uhai wa angalau miezi 3 baada ya siku ya kutoka eneo hilo. Nchi nyingine nyingi hutaka miezi 6. Zitazameni pasipoti za watoto kwanza, maana mara nyingi hutolewa kwa muda mfupi kuliko za wakubwa, na huisha bila mtu kukumbuka.

Halafu, naomba unisikilize hapa: msilipie kitu chochote kisichorudishwa kabla viza hazijagongwa. Wekeni nafasi ya malazi inayoweza kufutwa bila gharama, na tiketi ya ndege iwe ya kushikilia nafasi tu pale inapowezekana. Rafiki yangu alinunua tiketi 4 za bei ya chini kabisa kwenye mnada wa usiku, viza ya mtoto mmoja ikachelewa, na shirika halikurudisha hata senti. Tiketi ya bei nafuu isiyobadilika ni nafuu kwa mtu mmoja asiye na watoto. Kwa familia ya watu 6, uwezekano wa mmoja kuumwa homa wiki ya safari ni mkubwa, na gharama ya kubadilisha tarehe inawagusa wote.

Kuhusu ndege, jumlisha kila kitu kabla ya kulinganisha. Mtoto wa chini ya miaka 2 ndiye anayepakatwa kwa sehemu ndogo ya nauli. Wanenu wote watatu watahitaji viti. Mashirika ya bei nafuu hutoza begi, kiti cha kuchagua na hata kuchapishiwa karatasi ya kupandia uwanjani. Pia tazama saa ya kutua. Ndege inayotua saa 6 usiku wakati treni zimekwisha ina teksi ndani yake, na kwenu ni teksi 2.

Sasa foleni. Usiamini ushauri wa zamani mtandaoni kwamba kuna pasi za bure za kupita mbele. Zilikuwepo kwenye bustani za Disney tangu 1999, lakini nchini Marekani na Paris ziliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na za kulipia tangu 2021. Kwa familia yenu sinunui pasi hizo kwa wote 6, kamwe. Saa ya kwanza baada ya geti kufunguliwa ndiyo pasi yenu. Mkiwa mnalala karibu mtaipata, na humo mnaweza kumaliza michezo 3 ambayo saa 6 mchana kila mmoja ungewala saa nzima. Kuna pia utaratibu wa wazazi kubadilishana zamu, ambao bustani za Disney na Universal zote zinao: mzazi mmoja anapanda na mkubwa, mwingine anabaki na mdogo, kisha wanabadilishana bila yule wa pili kupanga foleni upya. Muulizeni mhudumu wa mlangoni kabla hamjaingia kwenye foleni. Raha ya ziada ni kwamba mara nyingi mtoto mkubwa huruhusiwa kurudia na mzazi wa pili.

Msimu. Bustani nyingi huuza tiketi kwa bei inayobadilika kwa tarehe, na kalenda hiyo ya bei ni taarifa ya bure: siku ya bei ndogo ni siku ambayo wenyewe wanatarajia watu wachache. Jumanne na Alhamisi huwa afadhali kuliko Jumamosi. Epukeni likizo za shule za nchi mnayokwenda, si za kwenu tu. Japani, mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Mei kuna mfululizo wa sikukuu unaojaza kila mahali. Shanghai na Hong Kong, wiki ya kwanza ya Oktoba ni vivyo hivyo. Kwa Disneyland Paris, katikati ya Januari, sikukuu zikiwa zimekwisha, ni kipindi cha utulivu. Baridi ni kali na baadhi ya michezo hufungwa kwa matengenezo, lakini orodha ya matengenezo hutangazwa mapema, na onyesho la usiku huanza mapema kwa kuwa bustani nayo hufunga mapema. Kwa mtoto wa miaka 3 hilo la mwisho lina thamani kubwa.

Ipo pia njia ya kwenda kinyume na msimu. Katika kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, bustani za Ferrari World, iliyofunguliwa 2010, na Warner Bros. World, ya 2018, ziko ndani ya majengo yenye viyoyozi. Wakati wa kiangazi joto la nje hupita nyuzi 40 na bei za hoteli hushuka, wakati ndani watoto wanacheza bila kujua. Bibi naye hukaa kwenye ubaridi. Sijaenda huko na familia nzima, nilipita na mkubwa peke yake, lakini kwa wanaoogopa baridi ni jambo la kupigia hesabu.

Chakula nimwachie dada, ambaye naona ameliweza.

Mchangiaji wa pili

Niliweza kwa sababu sikuwa na namna nyingine, kaka.

Dada, soma kanuni za bustani yako kabla ya kufunga vyombo, maana zinatofautiana sana. Walt Disney World huruhusu chakula kutoka nje na hutoa vikombe vya maji bure kwenye migahawa ya kaunta. Disneyland Paris huruhusu vitafunio vidogo, si majiko wala masanduku makubwa ya barafu. Tokyo Disneyland hairuhusu chakula cha kubeba, isipokuwa mle kwenye eneo maalumu lililo nje ya geti.

Sisi tulikula kiamsha kinywa kizito kwenye fleti na tukabeba matunda, mikate na chupa tupu za kujaza maji. Mlo mmoja kwa siku tuliununua ndani, kwa makusudi, saa 5 kamili kabla njaa ya wengine haijafika. Huo mlo mmoja usiwanyime watoto. Wanangu walichagua wenyewe kwenye programu ya simu ya bustani usiku uliotangulia, tukaona na bei, na hivyo hapakuwa na mabishano mbele ya kaunta. Zawadi nazo tulizipanga hivyo hivyo. Kila mmoja alipewa bahasha yenye kiasi chake siku ya kwanza asubuhi, akaambiwa ni yake na haitaongezwa. Wangu wa miaka 8 aliishika bahasha ile siku nzima, akaingia maduka 6 bila kununua kitu, na jioni akanunua kitu kimoja ambacho bado analala nacho.

Kuhusu kadi ya benki, mashine au duka likikuuliza kama ulipe kwa fedha ya kwenu au fedha ya hapo, chagua ya hapo, kwani ukichagua ya kwenu kiwango cha kubadilishia huwekwa na wao na mara nyingi ni kibaya. Kumbuka pia kwamba hoteli nyingi huzuia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana na huchukua siku kadhaa kukiachilia. Kama akiba yenu yote iko kwenye kadi moja, mnaweza kujikuta mna pesa msizoweza kuzigusa. Gawanyeni kwenye kadi 2.

Na kwa ajili ya bibi: bustani kubwa hukodisha viti vya magurudumu na vigari vya watoto getini. Msione haya kumkodia kiti hata kama anatembea. Mama yangu alikataa katakata asubuhi, akasema yeye si mgonjwa. Kufika saa 8 mchana tulikuwa tumekwisha kurudi fletini, sote.

Mleta mada

Nimerudi kuwapa mrejesho, kwa heshima ya muda mlionipa.

Tulikaa jana usiku, mimi, mume wangu na mama mkwe, na daftari katikati. Tumechagua Disneyland Paris, siku 2 za bustani badala ya 5 tulizokuwa tumezifikiria, katikati ya Januari, Jumanne na Alhamisi, na Jumatano iwe ya kupumzika. Tumeweka nafasi ya fleti Val d'Europe inayoweza kufutwa. Ndege hatujagusa. Pasipoti ya wa kati tumegundua inaisha Machi, ingetupungukia wiki kadhaa kutimiza ile miezi 3 ya masharti, na kesho naenda kuanza kuibadilisha. Mama mkwe amekubali kiti cha magurudumu, kwa sharti kwamba mjukuu mdogo atapakatwa naye humo.

Watoto tumewapima kwenye fremu ya mlango wa jikoni kwa penseli. Mkubwa hana tatizo popote. Mdogo tumemchagulia michezo yake na ameridhika, au hajaelewa bado. Wa kati ana sentimita 118, na safari iko miezi 7 mbele. Tumemweleza wazi kwamba huenda akafika 120 na huenda asifike, na kwamba asipofika atapanda ule wa 102 mara 2 pamoja na baba yake. Amekubali. Lakini leo asubuhi nimemkuta amesimama peke yake kwenye ule mlango, ameegemeza kisogo kwenye alama, anapapasa kwa kiganja juu ya kichwa chake.

Nitaandika tena viza zikitoka.